Masizi ya Ndani ya Chungu

Mwenzangu wa chumba amenichoka. Anasema tangu nilipotoka kule ghalani nimekuwa mchafu, na kwa mwanamke wa Unguja anayefanya kazi ya dobi kwenye hoteli ya Lusail, hapa Qatar, hilo si neno la kutupwa hivi hivi. Jiko letu la gesi la pamoja ni bovu, linatoa moto wa njano, na kila sufuria inateremka ikiwa nyeusi tako zima. Zamani ilipofika zamu yangu nilikuwa naisugua mpaka mtu angeweza kuchana nywele mbele yake. Siku hizi naosha ndani, nje naipitisha kwenye maji, naigeuza kwenye mwanga wa dirisha, naiangalia upande huu na upande huu, kisha naipanga na weusi wake.

"Shoga, unaitafutia nini hiyo sufuria?" aliniuliza juzi. "Ioshe basi, tupikie."

Anajua ninachotafuta, na anajua hakimo. Kisa chote anakijua, nilimsimulia mwenyewe. Ila yeye kajaliwa kusahau, mimi sikujaliwa. Hasira zangu huja upesi na kuondoka upesi, lakini jambo likiniuma huwa sikai kitako, natembea kati ya vitanda, nafungua kabati na kulifunga, mpaka wenzangu wananiomba nitoke nikapunge upepo. Ndiyo maana nimeona niliandike, labda miguu itatulia.

Kwetu ni Singida, vijijini. Vyombo huanikwa nje kichanjani, na anayepita njiani huvisoma kabla hajapiga hodi. Bibi mzaa baba alikuwa na tabia moja iliyomtia mama yangu homa: akija kututembelea, hakai kwanza, anakwenda kichanjani, anageuza sufuria moja baada ya nyingine na kuziangalia matako. Asiposema kitu, mama anapumua. Kwa hiyo mimi nilifundishwa kusugua masizi kabla sijafundishwa kusoma. Majivu, mchanga, gunzi la mahindi, na mkono usioonea huruma kucha zake. Nilipokua nikajua stili waya, na stili waya nikaipenda kuliko wanaume wawili niliowahi kuwafikiria.

Doha nilikuja kuwa dada wa kazi. Miaka sita katika nyumba moja ya Al Wakrah, nyumba ya watu wenye staha, sitawasema vibaya, lakini nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Unalala kwa saa yao, unaamka kwa mtoto wao, na Kiarabu chako chote ni cha jikoni na bafuni. Mkataba ulipokwisha nikahamia kampuni ya usafi, na kampuni ikanipeleka ghala moja kule Industrial Area, nyuma ya gereji za malori, nikadeki. Sikujua ni ghala la nini. Niliona rafu mpaka darini na kwenye rafu trei za plastiki, na kwenye trei vigae. Vigae vya vyungu, maelfu, kila kimoja na namba yake ya wino. Siku ya kwanza nilidhani nimeletwa kuvitupa.

Mwenye ghala, yaani mkubwa wa pale, alikuwa mama wa Kijordani, mtu mzima, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Wote tulimwita Doktora. Kazi yake ilikuwa kupokea vitu vilivyochimbwa kwenye eneo moja la kale kaskazini, zaidi ya mwendo wa saa moja kwa gari, ambako mchanga ulikuwa umefunika nyumba za watu wa zamani. Kila alasiri gari dogo lilileta mifuko ya vigae, navyo vioshwe, vikaushwe, viandikwe namba. Wanafunzi wawili waliokuwa wakiosha waliporudi kwao, Doktora akaniangalia ninavyodeki, akaniuliza kwa Kiarabu kama naweza kuosha kigae bila kukivunja. Nikamwambia nimeosha vikombe vya kaure vya madam miaka sita na hakuna hata kimoja kilichopata ufa. Akacheka, akanipa beseni na mswaki.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka nikaiota. Chovya kwanza. Kabla mswaki haujagusa kigae, kichovye majini, kitoe, kigeuze kwenye mwanga, angalia nje, angalia ndani. Ukiona alama yoyote nyeusi, weka chini, niite. Usisugue. Alinieleza sababu. Yeye alikuwa amefanya kazi ujanani kwenye majangwa ya nchi za manabii, ng'ambo ya Bahari ya Chumvi na kusini mpaka Edomu, na huko, alisema, jangwa ni stoo kavu. Mvua hainyeshi, kitu hakiozi. Mle mapangoni watu wamekuta magombo ya ngozi ndani ya mitungi, makubadhi yenye gidamu zake, vitana vyenye mayai ya chawa. Kwenye ngome za askari wamekuta vigae vilivyoandikwa kwa wino wa masizi, maana karatasi hawakuwa nayo, na kigae hakikosekani. Na vigae vile havikuandikwa mambo makubwa. Mpe fulani unga. Mpe fulani divai na mafuta. Doktora aliniambia kwamba vilipatikana kwa sababu kuna mtu alikuwa na subira ya kuchovya kwanza.

Nilimsikiliza kwa sikio moja, la pili lilikuwa kwenye basi la kampuni. Si kwamba sikupenda habari zile. Nilizipenda, na Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya kusali, nilizisimulia kanisani kama zangu. Lakini mimi si mtu wa subira. Ukichovya vigae mia tatu ukakuta mia tatu havina kitu, cha mia tatu na moja unakichovya kwa mazoea. Cha elfu hukichovyi kabisa.

Kulikuwa na jambo jingine. Msimu wa kuchimba huisha joto linapoanza kuuma, na Doktora alikuwa amesema kwamba mtu mmoja kati yetu waoshaji watatu atabaki ghalani majira yote ya joto, ndani, kwenye kiyoyozi, kuandika namba. Wawili watarudi kampuni, na kampuni ilikuwa imeshaniambia kuna familia inatafuta mtu mzoefu. Nilijua maana yake. Kwa hiyo nilitaka trei zangu ziwe nyingi kuliko za wenzangu, na ziwe safi kuliko zao. Nikaanza kuja na kipande cha stili waya mfukoni mwa sare, kwa ajili ya vigae vigumu. Doktora akigeuka, naivuta. Aliwahi kusimama mbele ya trei yangu akasema, mashallah, mkono wako una bidii. Nikavimba kichwa siku nzima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, na ilikuwa siku ya kawaida. Nilitoa kwenye mfuko wa uchimbaji kigae kipana kama kiganja, chembamba, chekundu kwa nje, na nikaona weusi. Moyo wangu haukustuka hata kidogo. Nikajisemea, huyu naye alikuwa mpishi mvivu. Nikakisugua. Weusi ukatoka upesi isipokuwa sehemu moja, vidoa viwili vilivyong'ang'ania, hivyo nikavirudia kwa stili waya na kuvipulizia pumzi kama ninavyopuliza kioo. Vikatoka. Nikakiweka kwenye trei kikiwa kinang'aa, nikachukua kingine.

Ilipita wiki moja na siku tatu. Aliyeleta mifuko kutoka kwenye uchimbaji alikuwa Mkenya mmoja, zamani mlinzi wa geti, sasa mchekechaji wa mchanga. Tulisali naye kanisa moja. Aliniita Mathe, yaani mama kwa lugha ya mitaa ya kwao, ingawa simzidi hata miaka kumi, na nilishamgombeza kwa hilo mpaka nikachoka. Alasiri ile hakuteremsha mifuko. Aliteremka na kisanduku amekishika kwa mikono miwili.

"Mathe, leo usiniguse," alisema. "Hii kitu hata mimi naogopa kuishika."

Ndani ya kisanduku kulikuwa na kigae, na ndani ya kigae kulikuwa na mistari mitano ya maandishi meusi, myembamba, iliyolala upande. Doktora alivaa miwani zote mbili. Alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti, na kwa bahati kilikuwepo. Akasema ni maandishi ya Wakristo waliokaa pwani hii zamani, kabla na baada ya Uislamu kufika, ya lugha iliyo ndugu wa ile aliyoizungumza Bwana wetu na mama yake, nayo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Wote tulisogea. Mkenya alikuwa akirudia kwamba ni kwenye chekeche lake, yeye mwenyewe, kwa macho yake.

Mimi nilisogea pia, nikaangalia, nikarudi nyuma hatua moja. Si kwa sababu ya herufi. Ni kwa sababu ya mahali zilipokuwa. Zilikuwa upande wa ndani, kwenye mviringo wa ndani wa chungu. Na kigae kile kilikuwa kimekatika upande wa kushoto kwa mkato wa kupinda, wenye pembe moja, na pembe ile niliijua kwa vidole.

Hapo ndipo jambo linaponiuma mpaka leo. Kanuni ya Doktora ningeweza kuisahau, mimi si msomi. Lakini mtu aliyekulia kwetu anajua chungu kinakaa na tako motoni. Masizi hukaa nje. Hayakai ndani. Mtoto wa miaka saba wa Singida ungemwonyesha chungu chenye masizi ndani angekuuliza kimepatwa na nini. Mimi nilikiona, nilikishika, nikaukuta weusi upande ambao masizi hayakai, na mkono ukaenda kusugua bila kuuliza. Nilichojua tangu utotoni kingeniokoa, na sikukitumia.

Doktora alisoma siku mbili, kwa kioo cha kukuzia, akituambia neno baada ya neno lilivyokuwa likimfungukia. Ilikuwa barua. Mtu anamwandikia ndugu. Anaomba tende, vikapu viwili, na mafuta ya kuwashia taa. Anasema upepo umekuwa mkali. Mstari wa mwisho Doktora aliusoma kwa sauti, kwanza kwa lugha ile ya barua, halafu kwa Kiarabu chepesi ili nami nielewe.

"Na mwambie mama kwamba," alisema, akainua macho. "Basi. Hapo pamekatika."

Mama yangu hajui kusoma, na simu yake ni ya kitochi. Ujumbe wangu unakwenda kwa jirani, mke wa fundi cherehani, naye anavuka uwanja akamsomee. Tangu nifike Doha kila ujumbe wangu unaanza namna moja. Mwambie mama kwamba nimefika. Mwambie mama kwamba nimepona. Nilitoka nje, nikasimama kati ya malori.

Doktora hakuwa na shaka kwamba kipande cha pili kipo. Alidhani kimewapita watu kwenye chekeche. Akapitia trei zetu zilizooshwa, akitafuta weusi, na yangu aliipitia kama nyingine. Nilimwona akikishika kigae chenyewe, akakigeuza, akakirudisha, maana kilikuwa safi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nikarudi kwenye beseni langu, nikaendelea kuosha. Kisha akapiga simu kwenye uchimbaji, akawaambia waanze kuchekecha upya kichuguu chote cha mchanga uliokwisha kuchekechwa, kwa chekeche la matundu madogo zaidi.

Kichuguu kile nilikuwa nimekiona kwenye picha. Kilikuwa kirefu kuliko nyumba.

Siku nne. Kila alasiri Mkenya alikuja na midomo iliyopasuka zaidi, na joto lilikuwa limeanza, lile ambalo ukishika mlango wa gari unauachia. Siku ya tatu alikuja na pamba puani. Alisema ni damu tu, jua limempiga, amekaa kivulini kidogo ikakata. Nilimpa maji. Akanywa chupa nzima, akaniambia walikuwa watu tisa kwenye kichuguu, na hawajafika hata nusu.

"Lakini tutaipata, Mathe," alisema. "Haiwezi kuwa imeenda mbali. Si ilikuwa pamoja na hii mwenzake?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia akae kimya, apumzike, aache kuniita jina hilo. Aliniangalia kwa mshangao, maana hakuwa amenikosea kitu. Kosa lilikuwa langu, na nikamkasirikia yeye.

Ijumaa kanisani ilikuwa mbaya zaidi. Habari ilikuwa imeshafika, nami nilijua imefikaje. Kiongozi wa kwaya alisimama akasema mavumbi ya nchi hii yamemshuhudia Bwana. Mama mmoja wa Uganda aliuliza kama ni barua ya mtume, mwingine akamjibu bila kuchelewa kwamba ndiyo. Watu walitaka kujua kama kuna msalaba umechorwa. Mkenya akaitwa mbele, akatoa ushuhuda na midomo yake ile, na mwisho wakaomba sala ya pamoja, watu wazima zaidi ya mia, kwamba kipande kilichobaki kionekane. Wote wakasema amina. Mimi pia nikasema amina, na nilipolisikia neno hilo linatoka kinywani mwangu nilitoka nje ya ukumbi. Nikazunguka uwanja wa magari mara tatu. Mlinzi aliniuliza kama nimepotea.

Niliporudi chumbani nilimwambia mwenzangu kila kitu. Alikuwa anapiga pasi sare yake, na hakuiacha pasi. Aliniuliza maswali machache, ya mtu mwenye akili. Kuna aliyekuona? Hakuna. Kigae kimeandikwa kimeoshwa na nani? Hakijaandikwa. Basi akaweka pasi chini.

"Shoga, nyamaza," alisema. "Wiki ijayo watachoka, watafunga msimu, na wewe utabaki kwenye kiyoyozi chako. Kigae chenyewe hakitasema. Na huyo mama alokuwa aambiwe keshakufa zamani, hata habari ingefika."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananitakia mema, na kila alilolisema lilikuwa kweli. Lakini neno lile la mwisho lilinipandisha hasira, nikamwambia mama wa mtu hafi habari yake ikiwa bado njiani. Akanitazama, akatikisa kichwa, akaendelea na pasi. Nilitembea kati ya vitanda mpaka akanifungulia mlango mwenyewe. Nilikuwa naogopa ile familia inayotafuta mtu mzoefu. Niliiogopa kweli kweli, na sioni haya kulisema. Kulala kwa saa ya watu wengine nilikuwa nimekufanya miaka sita. Nikawa nawaza hilo, halafu nawaza pamba iliyokuwa puani mwa yule Mkenya, halafu narudi kwenye hilo.

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi, niliwahi. Nilikwenda kwenye trei, nikakitoa kigae bila kutafuta, nikakipeleka kwenye meza ya Doktora ambako mwenzake alikuwa amelala juu ya sponji. Sikumsubiri. Nilivisogeza viwili vile ukingo kwa ukingo, na vikakaa. Hata unywele usingepita. Upande wa kulia mistari mitano myeusi inakuja, inafika kwenye ufa, na upande wa kushoto hakuna kitu, ni udongo msafi unaong'aa.

Doktora alinikuta nimesimama hapo. Aliangalia mezani. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni, maneno niliyokuwa nayo yalikuwa machache na labda ilikuwa heri. Nilisema niliosha. Nilisema sikuchovya. Nilisema nilidhani ni uchafu wa moto. Akakichukua, akakileta karibu na dirisha, akakilaza ili mwanga upite juu juu, akaona mikwaruzo.

"Huu si mswaki," alisema.

Nikaitoa stili waya mfukoni, nikaiweka mezani kati yetu. Nilitegemea apige kelele. Madam wangu angepiga, na ningejua pa kusimama. Yeye aliiangalia ile stili waya, akavua miwani ya machoni, na uso wake ukazeeka mbele yangu. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau: kabla hajaniambia neno lolote, alichukua simu akawapigia kule kwenye uchimbaji. Akawaambia waache kichuguu, wakae kivulini, wanywe maji. Hakuwaambia kwa nini.

Watu wa uchimbaji walileta kamera yao maalumu, ile inayoona wino ambao macho hayauoni. Walijaribu asubuhi nzima. Kilichoonekana ni mkia wa herufi moja, pale kwenye ufa, ambako waya wangu haukufika vizuri. Mwingine wote nilikuwa nimeusafisha. Mkono wangu una bidii.

La kazi nalisema hapa hapa, nilimalize. Nafasi ya majira ya joto alipewa mwoshaji mwingine, mwanamke wa Nepali aliyekuwa na trei chache kuliko sisi wote kwa sababu alichovya kila kigae. Alistahili. Mimi nilirudishwa kampuni, na ile familia ikawa imeshapata mtu, kwa hiyo nafuta vioo vya ofisi Lusail. Mkenya nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso. Aligusa pua yake, akasema sawa. Hajaniita Mathe tena, na silipendi lile jina, lakini Ijumaa huwa natega sikio.

Siku ile, baada ya kamera kufungwa, Doktora aliniita tena mezani. Alikuwa ametandaza karatasi nyeupe na juu yake amechora umbo la kigae changu, ukingo wote, ule wa kupinda na pembe yake, na ndani hakuna kitu. Akaniwekea penseli.

"Tangu yule aliyeandika," alisema, "mtu pekee aliyeyaona maneno haya ni wewe. Nichoree."

Nikamwambia sijui kusoma lugha ile. Akasema hajaniomba nisome. Nikashika penseli. Nilifumba macho nikautafuta ule weusi. Ulikuja, lakini ulikuja kama uchafu unavyokuja: nilijua ulikuwa mzito wapi, mwepesi wapi, wapi ulitoka kwa mpigo mmoja. Nikachora mkunjo mmoja mstari wa juu, ulioinama kushoto. Nikachora kijiti kirefu chini yake. Kwenye mstari wa mwisho, karibu na ufa, nikaweka nukta mbili zilizokaa pamoja.

Doktora akainama. Aliniuliza kama nina uhakika na nukta.

"Nina uhakika," nikamwambia. "Hizo zilikataa kutoka. Nilizirudia."

Akaandika jambo pembeni. Kisha akasubiri, na katika kusubiri kwake niliona ana njaa ya kitu, na nikajua kwamba naweza kumpa. Ningeweza kuchora msalaba. Ningeweza kuchora mikunjo kumi mizuri ikaja na kujaza karatasi, na hakuna mtu duniani angeweza kuniambia siyo. Kanisa zima lingefurahi. Huenda hata yeye angenisamehe. Penseli ilikuwa tayari juu ya karatasi, na mimi ni mtu nisiyeweza kuona pahala patupu nikapaacha.

Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, pale baada ya nukta, ambapo yule mtu alikuwa anamwambia mama yake.

"Na hapa?" aliuliza.

"Hapo sikuangalia," nikasema. "Hapo nilisugua tu."

Nikaiweka penseli mezani. Doktora akaichukua, akazungushia pale patupu kwa vidoti vidogo, akaandika tarehe ya siku ile niliyokiosha, na chini yake akaandika kwa Kiarabu maneno machache, akanisomea: ameona, hakumbuki.